Mfuko wa Pili

Ibra, zamu ya usiku. Jedwali limefika:
hospitali saba, Nizwa, Sur, Sohar na wenzao,
na sisi tumekaa juu kabisa.
Si kwa sifa.

Miaka yote tukiandika "mifuko miwili"
kama mtu anavyosema chai na sukari.
Daktari Yaarub akafoka: "Wagonjwa wetu si kama wao."
Nikashuka na kidole, mstari kwa mstari.
Ni kama wao. Umri ule ule, wekundu ule ule wa damu,
ila Nizwa hutundika mmoja, hupima,
husubiri.

Damu nzito kuliko maji, tuliambiwa nyumbani.
Hakuna aliyetaja mililita.

Leo Bi Thuwaiba, chumba cha sita: sita nukta nane.
Nimetundika mmoja. Alfajiri, saba nukta tisa,
na macho makali, na Kiswahili cha Wete:
"Mwanangu, mbona leo umenipunja?"
Nikacheka. Jedwali nitalielezaje?

Wa pili umo frijini, digrii nne,
wa mtu aliyekunja mkono wa kanzu Jumatano
akaenda zake kazini.
Kwenye mstari wetu nimejaza: moja.