Wasifu wa Marehemu

Kaka yake kaniletea nusu karatasi niichape
kabla ya misa ya saa saba:
kuzaliwa Ruponda, kusoma Ndanda, kufundisha Historia,
kustaafu, presha, Mungu kampenda zaidi.
Vituo sita, vimenyooka.

Mwalimu Editruda Nampemba angeguna.
Miaka minne alikuja hapa stesheneri, nyuma ya stendi ya Nachingwea,
kauntabuku kwapani, ukurasa shilingi mia tano,
akanisimamia begani:
"Hapo futa 'hatimaye'.
Historia haina hatimaye. Andika 'baadaye'."

Kizingiti cha nyumba yake ni taruma.
Reli ilifika huku kufuata karanga,
karanga zikagoma, reli ikang'olewa.
"Nilikuwa na miaka saba," aliniambia,
"nikadhani wanaing'oa kesho."
Toka siku hiyo hakumwamini mtu
anayesema wakati una mahali unakokwenda.
*Taifa linasonga mbele*, kilisema kitabu cha shule.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
Mbele ya nani?

Sura ya tatu yote ni korosho.
Tazama bibo, anasema: tunda limenona,
na mbegu yake iko nje, imening'inia,
hata mtoto anaiona.
Sababu za mambo nazo ndivyo zilivyo,
hakuna aliyezificha ndani.
Ila ukibangua kwa pupa, mafuta ya ganda yatakubabua.
Hapo nilicheka.
Akanionyesha vidole vyake.

Wachapishaji wa Dar walijibu mara moja tu: soko hakuna.
Akaichana bahasha yao taratibu, akaikunjua,
upande mweupe akaanzia sura ya nne.

Sura ya mwisho ilikuwa karatasi tupu.
Nilitaka kuiruka. Akakataa.
Nikaihesabu kwa utani, naye akalipa mia tano yake.
"Hiyo si yangu," alisema. "Namtunzia mwenyewe."

Sasa ni saa tano na nusu, simu ya kaka yake inaita.
Nimepita Ruponda, nimepita Ndanda,
nimepita presha,
nimefika *hatimaye akafariki*
na kidole kimegoma.

Nimefuta neno moja.
*Baadaye akafariki.*
Inasomeka vibaya, najua. Padri atajikwaa hapo.
Ajikwae,
kama tulivyojikwaa sote mlangoni kwake,
tukatazama chini
kuona ni chuma gani hiki.