Tafsiri ya Shimo

Siku ya sita, saa tisa alasiri, mtambo ukanyamaza.
Mita mia moja na arobaini.
Vumbi la kijivu, laini kama unga wa uwele,
kwenye kope za mafundi, kwenye mgongo wa mbuzi,
ndani ya ndoo zilizopangwa foleni tangu Jumatatu.

Mhandisi alivua kofia akasema kitu kwa Kiingereza.
Kijiji kizima kikanigeukia mimi,
Ndahani mwana wa Chilewa, mwenye D ya Kiingereza,
mkalimani wa elfu kumi kwa siku, na soda.

Anasema, nikasema, mambo yamepata umbo la peasi.

Kimya.
Peasi ni nini? akauliza mwenyekiti.
Ni tunda. Sijapata kuliona.
Nasikia ni kama pera lililonenepa makalio.
Sasa tunda limetukosea nini?

Anasema kazi imekwenda kusini.
Shingo zote zikageuka kusini,
kule Mvumi alikoolewa dada yangu,
zinakotoka karanga nzuri na posa za heshima.
Kusini kuna ubaya gani?

Anasema turudi kwenye ubao wa kuchorea.
Ubao uko shuleni, umepasuka,
nusu yake ni mlango wa choo cha walimu.

Aibu ikanipanda shingoni kama siafu.
Nikayaacha maneno yake, nikashika yetu, ya redioni:
Jamani, mpango umekwenda mrama.
(Mrama ni kuyumba kwa chombo baharini.
Bahari sijaiona. Chombo, kwetu, ni sufuria.)
Juhudi zimegonga mwamba.
Lakini mwamba waliugonga Jumanne
na mafundi wakashangilia, wakasema maji hulala chini yake;
tukapika na pilau.
Matumaini yameota mbawa.
Watoto wakatazama juu.
Yametumbukia nyongo.
Hapo wawili watatu waliguna, maana nyongo wanaijua,
kila aliyechuna mbuzi anajua kisu kikiteleza.
Imebuma! wakapaza vijana wa bodaboda kutoka nyuma,
wakacheka, kisha wakaona hawana wa kucheka naye.

Lugha mbili nilizikung'uta kama gunia
na halikudondoka neno lenye kimo cha lile shimo:
upana wa sahani ya chai,
urefu wa siku sita,
kavu.

Ndipo Mama Yaledi, aliyeuza mbuzi wawili kwa ajili ya mchango,
akaipindua ndoo yake, akaipiga matako, vumbi likatoka.
Kimegoma, akasema.
Basi. Kisima kimegoma.

Alisema kama anavyosema juu ya punda,
juu ya kiberiti kilicholowa,
juu ya mwanawe wa kwanza, aliyeikataa shule miaka miwili
halafu asubuhi moja akajifunga viatu mwenyewe.

Mhandisi akaniuliza: amesemaje?
Nilihangaika. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha D,
kwamba shimo limeweka jembe chini,
kwamba kuna kitu linadai,
kwamba huyu mama haoni kama mazungumzo yamekwisha.
Hakucheka. Aliandika kwenye fomu,
mahali palipoandikwa Sababu,
maneno mengi kuliko nafasi iliyokuwapo.

Siku ya sita sijalipwa mpaka leo.

Waliweka kifuniko cha chuma, wakakichomelea vibaya.
Watoto wamegundua upenyo.
Jioni, wakirudisha ndama, hudondosha kokoto
na kuhesabu pamoja, moja, mbili, tatu,
huku masikio yamelazwa kwenye chuma cha moto.
Wakifika tano au sita husikia kitu.
Ta, wanasema wengi.
Yaledi mdogo anaapa kwamba la mwisho lilisema chubwi.

Hilo sijamtafsiria mtu.