Kupoza Uji

Kageha amekuja na bahasha ya eksirei.
Hospitali tatu, kutoka Mbale hadi Kisumu,
na zote zimeandika: kifua safi.
"Safi," anasema, "na usiku kinakwama
kama mlango uliovimba kwa mvua."

Simbishii. Naiweka bahasha chini ya kiti.
Namwomba avue viatu vya plastiki,
aikanyage sakafu, asikie ubaridi wa saruji.
Mabega yako yako wapi, Kageha?
Anacheka kidogo: yamepanda masikioni,
hajui tangu lini.

Sasa pumzi. Si ya kuvuta, ya kutoa.
Itoe polepole, kama unampozea mtoto uji.

Nimekosea neno. Au nimelipata.
Anapuliza mara moja, mara ya pili,
ya tatu inakatika;
viganja vimekutana, vimeshika kikombe
ambacho hakipo.

"Alipenda wa wimbi," anasema.
Siulizi nani.

Nje, mvua ya saa tisa imeanza kwenye mabati.
Tunakaa. Bega moja linashuka kwanza,
la kushoto.
Uji, nadhani, bado wa moto.
Anapuliza tena.