Aliyefunua

Shimo alilichimba babu, mwaka ule wa matofali,
udongo ukapanda kilima cha Nabugoye kichwani mwa wanawake
hadi ukawa ukuta wa sinagogi.
Baba hakuchimba. Baba alibandua tu mbao mbili
apate kichanja cha kuanikia kahawa.
Usiku mvua ikateremka kutoka Wanale
na mbuzi wa Mama Kasifa, mwenye mimba, akatumbukia.

"Mimi sikuchimba," alisema baba.
Sabato ilikuwa imetoka, utambi bado unanuka.
Mwalimu Gidudu hakumbishia.
Alisogeza taa ya sola. "Nandudu, soma."

Nikasoma. Aya inaanza na mwenye kufunua,
ndipo inamtaja mwenye kuchimba.
"Kwa nini wote wawili?" akauliza.
Wazee wale wa kale, alisema, hawakukubali
kwamba neno humwagwa kama maji ya kunawia.
Kama aliyefunua analipa, aliyechimba je?

Mama, anayepima kahawa pale ushirika,
alijibu bila kuinua macho kwenye malewa aliyokuwa akimenya:
"Kilo moja ikishusha mzani,
nani huuliza tano zitafanya nini?
Jepesi likizama, zito halielei."

Basi "kuchimba" kuliandikwa kwa faida gani?
Hapo tulikaa sana. Mbwa wakabweka kwa akina Wepukhulu.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilihisi
herufi zikigeuka mbegu, kila moja na ganda lake.

Baba alikuwa na kilo nyingine ya kuweka mzanini.
"Ng'ombe ametajwa. Punda ametajwa. Mbuzi hayumo."
Punda! Hata huyo wa aya ilibidi tumfuate Kapchorwa.
Mwalimu akacheka hadi miwani ikateleza. "Soma mbele."
Nikasoma: fedha zinamrudia mwenyewe.
Nikasimama pale. Mwenyewe.
"Basi ni kila chenye mwenyewe," nikasema,
na sauti yangu ikanitisha,
maana nilikuwa nimemtia baba shimoni.

Mwenyewe alikuwa mlangoni, mtandio umelowa,
hajui Kiebrania, hajakaribishwa kiti.
"Nimesikia mbuzi," alisema Mama Kasifa.
"Na aliyekuwa tumboni mwake?"

Mwalimu akafungua ukurasa, akaufunga.
Akafungua mwingine.
"Hilo," alisema, "sijui. Tutasoma tena."

Asubuhi nilimkuta baba aking'oa misumari ya kichanja.
Kahawa imelala chini, juu ya mkeka, inachafuka.
Alirudisha mbao, akazikanyaga kujaribu,
akachukua fedha za mbuzi mmoja zilizokwisha hesabiwa,
kisha, kama aliyekumbuka kitu njiani,
akajitwika na debe la maharagwe.

"Hilo limeandikwa wapi?" nilimuuliza.
Hakugeuka.
"Wewe si ndiye msomaji?"