Kumi na Moja

Fomu ina safu nne, kila safu alama tano:
sauti, macho, mpangilio, ushahidi.
Anayevuka dakika saba namkata moja.
Niliichora mwenyewe, mwaka niliohamia Chumbageni,
nikaitolea nakala juu ya nakala mpaka mistari ikaanza kupinda.

Ijumaa, kipindi cha tatu. Hotuba za kuarifu.
Nimekaa nyuma, saa nimeivua nimeilaza mezani,
kalamu nyekundu mkononi, chaki kooni.

Hemedi kaja na ringi ya baiskeli
kutufundisha kunyoosha gurudumu lililopinda.
Akaizungusha. Darasa zima likaitazama ringi,
yeye hakutazama mtu.
Macho: mbili.
Nilipomaliza kuandika, ilikuwa bado inazunguka.

Kisha Aidani Mntambo.
Eh, Aidani!
Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata,
anatua panapostahili kutua,
mkono unafunguka kama mlango wa benki:
"Ndugu zangu, hebu tujiulize." Nasi tukajiuliza.
Dakika sita, sekunde hamsini na nane.
Makofi. Mimi pia nilipiga.
Kumi na tisa. Ile moja niliizuia kwa kuogopa tu
kwamba mwalimu asiyebakiza kitu hana kazi kesho.

Wa mwisho, Mwanamkasi wa Mikanjuni.
Mada: namna ya kusoma dira ya maji.
Mtu akapiga miayo, ikaambukiza safu nzima.
Sauti yake ya kuongea karibu na mtoto aliyelala,
karatasi inatetemeka, macho yamo humo humo,
utangulizi ulikuja katikati.
"Tarakimu nyeusi ndizo unazolipia," alisema,
"nyekundu ni lita tu. Halafu kuna kipembetatu chekundu.
Funga mabomba yote. Kikizunguka,
unalipia maji ambayo hukuyanywa."
Akasita. "Basi," akasema, akaketi.
Dakika nne.
Nikaandika: Paza sauti. Usiihutubie sakafu. Hitimisho liko wapi?
Kumi na moja. Saini.

Jioni, nyumbani Barabara ya Kumi na Nne,
ankara imebanwa chini ya sahani:
elfu arobaini na mbili, watu wawili na ndoo tatu.
Mwezi wa tatu huu nanung'unika mpaka muuza duka ananikwepa.
Nikatoka na tochi ya simu.
"Unatafuta nini huko majanini?" mke wangu akauliza.
"Funga mabomba. Yote. Na la chooni."
Nikachuchumaa, mtu mzima, na suruali ya kazini,
nikafuta tope kwenye kioo kwa kidole gumba.

Kipembetatu kilikuwa kinazunguka.
Taratibu, bila sauti,
bila kumtazama mtu.

Nikajaribu kukumbuka Aidani alituarifu nini.
Nilikumbuka mkono. Nilikumbuka pale alipotua.
Mada, wallahi, ilinibidi nikaisome kwenye fomu:
Umuhimu wa Malengo.

Sasa ni saa tano usiku.
Kanuni ya idara: alama iliyotiwa saini haiguswi,
na mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka tulipoipitisha,
tulipochoshwa na wanaokuja kubembeleza mlangoni.
Na kweli hakusikika. Na kweli aliihutubia sakafu.
Siwezi kumdanganya kwamba ilikuwa hotuba nzuri.
Ushahidi nilimpa mbili, kwa kuwa hakutaja chanzo.
Chanzo kiko nje, gizani, kinahesabu lita.

Nimeigeuza fomu yake. Nyuma ni nyeupe,
huku sikuwahi kuchora safu.
Nimeandika: Bomba langu linavuja chini ya ngazi.
Nimelijua kwako.
Nikaitazama sentensi hiyo muda mrefu
kuliko nilivyomtazama yeye.

Jumatatu nitasimama mbele ya mkuu wa idara,
ankara mkononi, karatasi inatetemeka.
Utangulizi ninao.
Hitimisho bado.