Nusu Nyingine Iko Njiani

Maktaba yangu haina rafu wala vumbi.
Ni mistari mia na arobaini ya msimbo
niliyoiandika Tartu, mwezi wa pili,
juu ya meza ya jikoni, mto Emajõgi umeganda nje
na baba chumba cha pili
akigonga kibodi kwa kidole kimoja.

Kiharusi kilimwachia kidole hicho.
Kilichukua sauti, kikachukua na kitufe cha Ingiza:
kukiona anakiona, kazi yake haikumbuki.

Na programu, unazijua, humngoja mtu amalize mstari.
Andika, zasema, ukikoma utatuambia.
Baba hakomi, haambii.
Maneno yakarundikana gizani nyuma ya kioo:
kiu, baridi, fungeni dirisha.
Haba na haba hujaza kibaba,
lakini kibaba chake kilikuwa na kifuniko.

Basi nikaandika kitu kisichongoja.
Twaa: herufi inachukuliwa papo inapobonyezwa.
Chungulia: inatazamwa, haiguswi.
Rudisha pia ipo, ila hurudisha moja tu.
Mbili haiwezi.
Mimi ningerudisha mwezi wa kumi wote.

Siku ya kwanza akabonyeza õ,
herufi yetu, ile wageni huitafuta kooni wasiipate.
Kwenye kioo ikatokea alama ya kuuliza
ndani ya almasi nyeusi.
Nilikuwa nimesahau: õ ni baiti mbili.
Nimekaribisha nusu, nusu nimeifungia mlango.
Endel Raidma, fundi saa miaka arobaini na mmoja,
akanitazama kama alivyokuwa akitazama saa
iliyofunguliwa na mwanagenzi.

Nikarekebisha. Ikifika nusu, tulia,
nusu nyingine iko njiani.
Huo ni mstari wa tisini na saba.
Mingine naweza kuifuta kesho, huo siuguzi.

Jana usiku: õ.
Ikaja nzima.
Kisha u.
Kisha kimya, jokofu likaguna, likanyamaza,
nikadhani amelala.
n.

Õun. Tufaha.

Nikamenya moja, nikalikata vipande vinne.
Akala kimoja, akajifuta kidole kwenye shati,
akarudi kwenye kibodi.
Nami nikasimama mlangoni na kisu mkononi,
nikichungulia,
bila kuigusa,
herufi inayofuata.