Adui wa Tatu

Kazi yangu ni kuanguka.
Katika filamu sina jina, ni Adui wa Tatu,
nina neno moja tu la kusema: "Mkamateni!"
Kisha teke la Metre Kashosi linakuja
nami naanguka kabla halijafika,
maana siku hizi halifiki.

Metre, si ile ya kupimia kitambaa.
Ndivyo tulivyomwita tangu dojo la Nyawera,
alipokuwa akivunja matofali kwa kiganja
nasi watoto tukichungulia dirishani, tukihesabu:
saba, nane. La tisa lilikataa.
Aliliinamia kwa heshima, akalivunja kesho yake.

Sasa ana miaka sitini na mitatu.
Goti la kushoto linalia kama mlango wa kanisa.
Asubuhi tunamfunga bandeji, tunamvika kimono
na mkanda uliofifia hadi hujui
kama umechakaa au unapumzika.

Bajeti: dola mia nne
za mwenye duka la misumari pale Essence.
Sharti lake moja: kibao cha duka
kionekane kila mtu anapokufa.
Basi tunafia hapo. Mimi nimekufa hapo mara tano.
Damu ni nyanya ya mkebe na sukari kidogo;
nzi wameipenda filamu kabla ya watazamaji.

Nsimire, mwongozaji, ana miaka ishirini na mbili
na simu yenye kioo kilichopasuka.
"Metre, panda ngazi za Kadutu ukikimbia."
Metre alizitazama ngazi kama mtu anayesoma deni.
"Nitapanda," akasema, "lakini hadithi ipande polepole."
Kwa hiyo nikavaa kimono chake, nikakimbia mimi,
mgongo kwa kamera.
Katika filamu hii najifukuza mwenyewe.

Siku ya nne tukatoa bunduki.
Za mti. Seremala wa Panzi alizichonga,
tukazipaka dawa ya viatu zikang'aa.
Karatasi ya komini tulikuwa nayo,
lakini muhuri hausomeki kutoka mbali.
Mama mmoja akatokea pale ngazi zinapokata kona,
beseni la sambaza kichwani.
Akaona mitutu.
Beseni likabaki hewani peke yake.

Metre alikuwa katikati ya teke,
mguu juu, juu kwa kadiri yake.
Akaushusha.
Yeye ambaye hata kanisani huomba amekaa
akapiga magoti, akaokota sambaza moja moja,
akizipangusa udongo kwenye kimono.
Sisi maadui sita tulisimama na miti yetu
bila kujua pa kuificha.

Mama akarudi, akifuata ukuta.
"Ni ya mti?" akaniuliza.
Nikaigonga. Ikasema ko.
Akavuta pumzi, halafu akakasirika sawasawa:
"Na sambaza yangu, nani atalipa?"

Metre akataka kuinuka amjibu.
Goti likakataa, kama lile tofali.
Basi mama akaingiza mkono chini ya kwapa lake,
"Inuka, papa, moja, mbili,"
akamsimamisha, akampangusa vumbi magotini
huku bado anamgombeza.

Nsimire alikuwa hajazima simu.
Usiku akaikata sehemu hiyo yote. "Haina teke."
Sambaza zililipwa kutoka mshahara wa maadui,
nikarudi nyumbani na franka elfu mbili
na mikono inayonuka ziwa.

Filamu ilipooneshwa, ukumbi ulijaa, viti vya plastiki
vikalia chini ya watu. Mgongo wangu ulipopanda ngazi
wakapiga makelele: Metre! Metre! Hazeeki huyu!
Alikuwa ameketi kando yangu gizani,
mguu wa kushoto ameunyoosha kati ya viti.
Akaniinamia sikioni.
"Umepanda vizuri," akasema.
"Ila mimi ningesimama pale kwenye kona."